Walioandikishwa na Waliopo

Kazi yangu ni kuwafundisha watu wazima namna ya kukaa nyuma ya darasa. Ukiisema hivyo inachekesha, na mume wangu huirudia kila akipata mgeni wa kumsimulia, lakini ndivyo ilivyo. Chuoni kwetu hapa Mwanza tunapokea walimu wa shule za msingi wanaoandaliwa kuwa walimu wakuu. Wenzangu wanawafundisha sheria za utumishi na mipango. Mimi nawafundisha usimamizi wa ufundishaji na usawa katika elimu, masomo mawili ambayo kwenye ratiba yameandikwa mbalimbali na mimi nayafundisha kama moja, maana sijawahi kuona yakiachana.

Kipindi cha kwanza sikosi kusema maneno yaleyale. Mwalimu mkuu anayeingia darasani kuangalia somo asikae mbele kama bwana harusi. Akae dawati la mwisho, pale penye watoto ambao hakuna anayewataja. Kabla hajasikiliza neno moja la mwalimu, ahesabu vichwa. Juu kabisa ya fomu kuna visanduku viwili, walioandikishwa na waliopo. Huwaambia kwamba habari yote ya usawa imekaa katikati ya visanduku hivyo. Namba zisipolingana, weka kalamu chini, uliza wengine wako wapi, na usiendelee mpaka ujibiwe.

Wanayaandika madaftarini. Siku hizi nikiyasema natazama dirishani, kwa sababu yupo mtu mmoja niliyemfundisha hivyo, kisha nikamfundisha kinyume chake, naye akajifunza yote mawili vizuri.

Alikuja chuoni miaka sita iliyopita. Mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, mzaliwa wa visiwani, mtoto wa wavuvi, mwenye sauti ndogo na macho yasiyohangaika. Mimi nina ulimi mkali na silijutii hilo. Wanafunzi wangu wengi huniogopa wiki mbili za mwanzo kisha wanazoea. Yeye hakuniogopa hata siku moja. Wiki ya kwanza tu alinyoosha mkono akaniuliza kwa nini kwenye orodha ya sababu za utoro kuna ugonjwa, msiba na mengineyo, ila hakuna mwezi.

Darasa lilicheka. Mimi pia nilicheka, nikamuuliza mwezi upi, wa Ramadhani au wa mshahara.

Akangoja tumalize. Kisha akaeleza, bila haraka, kwamba dagaa huvuliwa kwenye giza. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inapumzika. Giza likiingia, kila asubuhi mwalo mzima, pale mitumbwi inaposhusha samaki, unaanika dagaa mchangani na kwenye mawe, mama na watoto, na kugeuza, na kufukuza ndege, mpaka jua lipande. Watoto hao ndio wanaofika shule saa nne wakinuka samaki, au wasifike kabisa. Silabi wanafundishwa wakati wa mbalamwezi. Giza likiisha wanarudi na kukuta wenzao wamefika kwenye sentensi. Alisema tuchukue rejesta ya shule yoyote ya kando ya ziwa, tuiweke karibu na kalenda, tutaona mahudhurio yanapanda na kushuka pamoja na mwezi.

Nilibaki na chaki mkononi. Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya kando ya ziwa kwa miaka tisa, na miaka yote tisa nilikuwa naandika mengineyo. Tangu siku hiyo nilimpenda, na sikumficha.

Mafunzo yetu yana kipindi cha vitendo. Kila mmoja hupelekwa kwenye shule, akae wiki kadhaa kama kivuli cha mwalimu mkuu, aangalie masomo na kujaza fomu. Fomu hizo mimi nasaini na mwalimu mkuu mwenyeji anagonga mhuri. Bila mhuri hakuna cheti, na bila cheti hakuna ukuu wa shule. Yeye alikuwa ameshaambiwa na halmashauri kwamba kuna shule moja ya mwaloni inamsubiri, haina mwalimu mkuu tangu aliyekuwepo astaafu. Alinionyesha siku moja mpango alioutengeneza kwa ajili ya shule hiyo. Ilikuwa karatasi moja tu, imechorwa kwa rula. Siku za mbalamwezi ziwe za kuwafikia waliobaki nyuma, vipindi vya ziada vya kusoma. Mitihani isipangwe katikati ya giza. Ilikuwa kazi nyepesi kiasi kwamba nilijionea aibu. Akaniambia anaitaka shule hiyo kuliko kitu chochote, na alilisema hilo akiangalia karatasi, hakuniangalia mimi.

Orodha ya shule za vitendo ilipotoka, nikaona amepangiwa shule yangu ya zamani, kule Ilemela, chini ya kilima cha mawe. Nilifurahi nikajisifu mbele yake. Nilimwambia anakwenda nyumbani kwangu. Nilimsimulia jinsi nilivyoikuta ikiwa ya mwisho kwenye kata, nikaiacha ikitembelewa na wageni kutoka mikoa mingine waje kuona inavyofundisha. Hati ya pongezi niliyopewa wakati ule bado iko ukutani sebuleni kwetu, na ndiyo iliyonifikisha chuoni.

Wiki ya tatu nilikwenda kumtazama. Gari la chuo, jeupe, lilipokata kona ya mwisho niliona watoto wakitoka darasani kwa mstari mmoja, wakapita nyuma ya vyoo, wakapanda kwenye mawe. Nilidhani ni mapumziko. Nikashangaa kidogo kwamba hawakimbii.

Nilipoingia Darasa la Nne yeye alikuwa ameshakaa nyuma, fomu kwenye mapaja. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa anafundisha vizuri ajabu. Kila swali mikono yote juu, kila mtoto anasoma ubaoni bila kukwama, sare safi, madaftari yamefunikwa kwa magazeti. Mwanafunzi wangu hakuwa anatazama ubao. Alikuwa anatazama dirisha la upande wa kilima. Nikatupa jicho kwenye fomu yake. Walioandikishwa, themanini na mbili. Waliopo, arobaini na moja. Na kalamu, kama nilivyofundisha, ilikuwa imewekwa chini.

Somo lilipoisha alitoka akapanda kilima na mimi nikamfuata nikihema. Tuliwakuta wamekaa kwenye kivuli cha jiwe kubwa, watoto arobaini na mmoja kamili, kimya kabisa. Sijawahi kuona watoto wengi hivyo wakiwa kimya bila mtu mzima. Kila mmoja alikuwa na mahali pake. Mawe yenyewe yalikuwa yamelainika pale wanapokalia.

Mwanafunzi wangu alichuchumaa mbele ya msichana wa miaka kumi hivi, pindo la sketi yake limeganda magamba ya dagaa, akamuuliza nani amewatuma huku.

"Hatujatumwa," msichana akasema. "Gari jeupe likija, asiyejua kusoma anatoka. Likiondoka tunarudi."

Akamuuliza tena nani aliwaambia hivyo. Msichana akafikiri kwa dhati, kama ameulizwa swali la hesabu. Akasema hakumbuki kuambiwa. Dada yake alikuwa anatoka, kaka yake alikuwa anatoka, na yeye anatoka.

Hapo nikakaa kwenye jiwe kama mmoja wao. Jiwe hilo nilikuwa nalijua. Miaka mingi kabla ya hapo, asubuhi ya kwanza ambayo wadhibiti ubora, wakaguzi wa shule, walikuwa wanakuja shuleni kwangu, nilisimama kwenye mlango wa darasa nikamwambia mwalimu mmoja awachukue wale wasiojua kusoma, awapeleke kwenye mawe, awasimulie hadithi mpaka wageni waondoke. Siku moja tu. Nilijiambia nawaepusha na aibu ya kukwama mbele ya watu. Nadhani hata niliamini. Wageni wakasifu, wakaleta wageni wengine, na siku moja ikawa siku nyingi. Baadaye mwalimu wa kuwasimulia hadithi hakupatikana, wakawa wanakwenda na kiranja. Baadaye nikahamishiwa chuoni kwenda kufundisha usawa katika elimu. Na kumbe nilipoondoka mimi, agizo langu lilibaki, likawa halihitaji tena mtu wa kulitoa.

Tuliposhuka, mwalimu mkuu mwenyeji alinikaribisha ofisini peke yangu. Alikuwa mwalimu wa kawaida chini yangu zamani, mtu mchapakazi, ananiamkia shikamoo mpaka leo ingawa nimempita miaka michache tu. Alikuwa na wasiwasi. Alisema yule mwalimu wangu wa vitendo ni mzuri lakini ameandika mambo ambayo yakifika wilayani yatamtilia mchanga kitumbua chake. Alisema kwa heshima zote kwamba fomu hiyo hawezi kuigonga mhuri. Nami nikajikaza, nikamuuliza kwa ukali wa ofisi ni nani aliyeruhusu jambo kama lile. Akanitazama kwa mshangao usio na hila.

"Madamu, si ndio utaratibu wako? Sisi tumeudumisha tu."

Alikuwa ananisifu. Hilo ndilo lililonikata maini, kwamba alikuwa ananisifu.

Nilitoka nje nikamkuta mwanafunzi wangu amesimama kwenye kibaraza na fomu yake. Alikuwa ameshajua habari ya mhuri. Aliniambia, kwa sauti yake ileile ndogo, kwamba yuko tayari kungoja hata mwaka mwingine kama chuo kitakubali kuipokea fomu bila mhuri, ikiwa na maelezo yangu. Kisha akauliza, "Madamu, hapa kwenye maelezo, niandike utaratibu huu ulianzishwa na nani?"

Naikumbuka nafasi ile. Haikuwa ndefu. Kulikuwa na upepo wa ziwa, unaleta harufu ya dagaa kutoka mwaloni, na ndani ya darasa watoto walikuwa wanaimba jedwali la kuzidisha. Ningeweza kusema ni mimi. Lilikuwa neno fupi. Ningekwenda chuoni, ningewaeleza wenzangu, na fomu ingepokelewa, nina hakika. Lakini nilifikiria ile hati ukutani. Nilifikiria wakufunzi vijana wanaonitaja kwa heshima kwenye vikao. Nilifikiria miaka yangu iliyobaki kabla ya kustaafu. Nikawa mwoga. Sina jina zuri zaidi la kuliita.

Nikamwambia asijiharibie kwa namba moja. Nikamwambia apate cheti kwanza, aipate ile shule, akishakuwa na ofisi yake atabadilisha atakacho. Nikamwambia aandike arobaini na moja kwenye visanduku vyote viwili.

Akasema kalamu yake imekwisha wino, jambo ambalo sikuliamini. Nikampa yangu. Akachukua fomu mpya akaijaza palepale, ameiegemeza kwenye ukuta, kwa mwandiko wake mzuri. Mwenyeji aligonga mhuri kwa furaha, akatuagizia soda. Ile karatasi ya giza na mbalamwezi iliyokuwa imebanwa nyuma ya fomu ya kwanza, aliikunja mara mbili akaiweka kwenye pochi. Sikuiona tena.

Muhula uliobaki hakunyoosha mkono darasani kwangu. Alifaulu vizuri. Siku ya kupewa vyeti alinisalimia, akanishukuru kama wengine wanavyonishukuru, akaenda kuongoza shule yake ya mwaloni. Nilisikia mara kwa mara kwamba inafanya vizuri. Niliogopa kusikia hivyo, lakini nilijilazimisha kufurahi. Nilijiambia yule hawezi. Mwingine labda, ila siyo yule, aliyejua habari ya mwezi kabla sisi wote hatujaijua.

Mwaka huu, mwezi wa tano, nilipangiwa kwenda shuleni kwake. Alikuwa amepewa mwalimu wetu mmoja wa vitendo, mwanamume wa makamo, mpole, mwenye watoto wanne na kiu ya kweli ya cheti. Tulikutana naye kituo cha mabasi cha Buzuruga asubuhi, tukaenda pamoja kwa gari la chuo. Kabla hatujafika nilimwambia dereva asimame barabarani, nyuma ya mashine ya kusaga, asisogee mpaka nimpigie simu. Tukashuka tukatembea. Mwenzangu hakuelewa na sikumweleza. Nilitaka kuona shule ambayo haijaliona gari.

Na niliiona. Tulipita nje ya madirisha ya Darasa la Nne, na darasa lilikuwa limejaa mpaka pomoni. Watoto wanne kwenye dawati la wawili, wengine sakafuni, wengine bila viatu, na harufu ile ya dagaa ilitoka mpaka nje. Moyo wangu ulifunguka. Niseme kweli, machozi yalinilenga. Nikasema moyoni kwamba amefanya, amefanya bila mimi.

Alitokea mlangoni mwa ofisi yake akaniona. Amenenepa kidogo, amevaa miwani. Akaniamkia shikamoo kwa magoti yaliyokunjwa kidogo, nikaitikia marahaba. Akatuingiza ofisini, akaleta soda na karanga, akaniuliza hali ya mzee nyumbani na habari za wakufunzi wote mmoja mmoja. Akatoka kidogo, akarudi. Tulikaa pengine robo saa. Nilikuwa na furaha hata sikujiuliza kwa nini amenikalisha.

Tulipokwenda darasani, kila dawati lilikuwa na watoto wawili. Sakafu ilikuwa imefagiliwa. Mwalimu akauliza swali, mikono yote ikapanda.

Mwenzangu alikaa nyuma kama nilivyomfundisha. Alihesabu. Akaweka kalamu chini, akageuka kunitazama. Nami nilisimama nikatoka, nikaenda ofisini, na yeye mwenye ofisi akanifuata, akafunga mlango taratibu.

Mezani kulikuwa na fomu tayari, visanduku viwili vya juu vimeshajazwa, namba ileile katika vyote viwili. Alisema ameijaza mapema ili mwalimu wa vitendo asipate shida. Hapakuwa na kejeli kwenye sauti yake. Kama ingekuwepo ningeona nafuu.

Hapo ndipo nilipolisema, miaka sita nimechelewa, nimesimama katikati ya ofisi ya watu. Nikamwambia kwamba ile shule ya Ilemela, yale mawe, wale watoto, ni mimi niliyeanzisha. Si mwingine.

"Najua, Madamu," akasema. "Mwenyeji aliniambia asubuhi ileile, kabla hujafika. Nilikuuliza nikisubiri useme."

Alikaa kwenye kiti chake, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge. Akaeleza kwamba mwaka wa kwanza alijaribu mpango wake wa mwezi. Ulifanya kazi, watoto walianza kusoma. Lakini walikuwa wanasoma polepole, na mitihani ya kata haikumngoja, na shule ikawa ya mwisho, na akaitwa wilayani akasemwa mbele ya wenzake wote kama mtoto. Akatafuta kichwani mwake ni nani anaweza kumwendea, mtu atakayesimama naye. Alisema alinifikiria mimi. Kisha akakumbuka kibaraza kile.

Niliingia tena darasani nikamwambia mwenzangu aandike namba zote mbili kama zilivyo, nikasaini mbele yake. Fomu ilipopelekwa kugongwa, mwenye mhuri alituambia kwa adabu kwamba wino umekwisha. Nikasema tutaipeleka hivyohivyo, na maelezo nitayaandika mwenyewe, ya shule hii na ya ile nyingine. Mwenzangu alitikisa kichwa kukubali, lakini nilimwona anavyoikunja ile fomu, anavyoipapasa mahali palipo wazi. Alikuwa anawaza watoto wake wanne, na siwezi kumlaumu.

Tulipokuwa tunaondoka tulipitia nyuma ya madarasa. Shule ile haina mawe. Watoto walikuwa wamekaa chini, mstari mmoja, migongo ukutani, vichwa chini ya usawa wa madirisha ili wasionekane na walio ndani. Msichana mmoja alikuwa anaandika mchangani kwa kidole yale aliyokuwa anayasikia kutoka ndani, anafuta, anaandika tena. Alikuwa anakosea. Nilipotaka kusema naye aliweka kidole kile chenye mchanga kwenye midomo, akinionya nisipige kelele, wageni wapo.

Nikachuchumaa, na magoti yangu siku hizi hayapendi hilo. Nikamwambia kwa kunong'ona kwamba warudi darasani. Alinitazama asielewe. Nikamuuliza, basi wanarudi lini.

"Gari likiondoka," akasema.

Akanyoosha shingo kutazama uwanjani, kule magari yanakosimama kila siku. Uwanja ulikuwa mtupu.